Nyumba Iliyosimama Juu ya Wali

Nchi ninayoisimulia haipakani na yenu, kwa hiyo kaeni kwa raha. Ina rais, ina mawaziri, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake, na ina desturi moja ambayo nikiwaeleza mtasema nawatania. Huko hakuna kazi ya serikali inayoanza bila jiwe la msingi. Shule ikijengwa, jiwe linawekwa. Najua, hilo hata kwenu lipo. Lakini huko hata kisima kikizibuliwa, hata mlango wa ofisi ya mtendaji ukibadilishwa bawaba, lazima aje mkubwa, avute kamba, kipazia kifunguke, jina lake lionekane limechongwa kwenye marumaru, watu wapige makofi, halafu wale. Makofi yanaweza kuahirishwa. Kula hakuahirishwi.

Katika nchi hiyo kuna mji unaitwa Chemchele, na Chemchele kuna jumba la zamani lililojengwa na mgeni mmoja tajiri wa katani. Kuta zake nene, madirisha marefu, dari ya mbao. Mgeni alipoondoka aliacha paa, funguo na popo. Serikali ikaligeuza jumba kuwa Nyumba ya Wazazi, na sisi wanawake wa Chemchele tulizaliwa humo, tukazalia humo. Mkunga wake ni Nesi Zamoyoni, mwanamke mfupi, sauti nene, ambaye akikwambia "sukuma" hata mwanamume anayepita barabarani anaweza kusukuma.

Shida ya nyumba ilikuwa bati. Juu ya kitanda cha kuzalia paa lilikuwa limetoboka. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwanza kwenye mavi ya popo huko darini, yanayalowesha, yanageuka uji mweusi wenye harufu ya kukatisha pumzi, kisha uji unadondoka. Mama anajifungua, na usoni anadondokewa. Samahani kama mnakula. Nesi Zamoyoni aliomba mabati machache na mtu wa kuwafukuza popo. Hakuomba kingine.

Wizara ilifurahi mno. Ombi la bati likapandishwa cheo likawa Mradi wa Taifa wa Ukarabati. Wazazi wakatolewa, vitanda vikatolewa, mlango ukapigwa kufuli na mlinzi akawekwa. Tukaambiwa ni kwa muda mfupi tu.

Wa kwanza kuuonja huo muda mfupi alikuwa Kidawa, mke wa Mshamu mwenye mkokoteni. Uchungu ulipomshika, Mshamu alimlaza mkokotenini juu ya magunia, akasukuma kuelekea hospitali ya ng'ambo ya mto. Mtoto alizaliwa darajani, wa kike. Hakulia. Kidawa akamfunika kwa kanga, wakageuza mkokoteni. Walipopita mbele ya Nyumba ya Wazazi, mlinzi alisimama wima akawapigia saluti, maana alidhani ile ndiyo saruji imefika.

Alipopata mimba nyingine, Kidawa alimfuata Nesi Zamoyoni nyumbani kwake, akakaa chini mkekani, akasema bila hata kusalimia:

"Huyu sitamzalia njiani. Nitamzaa mbele yako, chini ya paa. Usiniambie habari nyingine, Nesi."

"Mwanangu, mimba yenyewe bado changa," Nesi akamjibu. "Mpaka uje ukae kitandani, hata serikali hii itakuwa imeshagongelea bati."

Nesi Zamoyoni amezalisha nusu ya mji, na hajawahi kukosea kupima mimba. Siku ile alichokosea kupima ni serikali.

*

Jiwe la kwanza lilikuja na Waziri wa Majengo Yaliyochoka, Mheshimiwa Kibangu.

Hapo palitokea utata kidogo. Fundi mmoja aliuliza: nyumba hii si ina msingi tayari? Sasa jiwe la msingi tunaliweka wapi? Wakubwa wakatazamana. Aliyewaokoa ni Mkuu wa Itifaki, Bwana Tambo, mtu aliyenyooka kama amemeza fimbo ya pazia.

"Sheria inasema jiwe la msingi litawekwa msingini," alisema. "Haisemi msingi uwe mpya. Nyumba inao msingi, sisi tunalo jiwe. Ugomvi uko wapi?"

Basi wakachimba. Kona ya mashariki, palipokuwa na mawe makubwa aliyoyapanga yule mgeni wa katani, wakayang'oa mawe yote wakayatupa nje ya ua, wakabaki na shimo refu la kumfika mtu kifuani. Jiwe la Waziri likasimamishwa ukutani juu ya shimo hilo. Lilikuwa marumaru nyembamba, limechongwa na yule bwana anayechonga mawe ya makaburi, kwa hiyo chini ya jina la Waziri palibaki kimaua cha msiba.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Kibangu alinguruma. "Leo tunaandika historia! Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha mama! Mama asidondokewe! Narudia, mama asi-don-do-ke-we!"

Tukapiga makofi. Wengine tulitokwa machozi kabisa, maana tulikuwa tumedondokewa.

Kisha wakala. Hema la wageni waheshimiwa lilikuwa limefungwa pembeni mwa ile kona, kwenye kivuli. Pilau ililetwa kwa masufuria ya mazishi, na kuku, na samaki, na mchuzi uliokuwa ukichuruzika mpaka kwenye viwiko vyao. Sisi tulitazama kwa nyuma ya kamba. Nimewahi kuona mbwa wakila, na mbwa huwa wanasimama kupumua. Kulikuwa hakuna pipa la taka, kwa sababu bajeti ya pipa ilikuwa ya awamu ya pili. Shimo, hata hivyo, lilikuwepo. Mmoja akarusha mfupa. Wa pili akarusha mifupa na wali uliobaki. Wa tatu akasimama, akainamisha sahani yote, akaipigapiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto aliyekunywa maziwa. Chupa, vijiti vya meno, vichwa vya samaki, karatasi walizojifutia midomo, vyote vikaingia msingini.

Mkandarasi, ambaye ni shemeji yake Waziri lakini hiyo ni bahati tu, alipaswa kulijaza shimo kwa mawe na zege. Jioni alikuja akachungulia, akaona limeshajaa.

"Mungu si Athumani," akasema, akapitisha saruji kidogo juu, kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni asiyempenda.

*

Mabati hayakuja, lakini yalikuja mabadiliko ya baraza la mawaziri. Mheshimiwa Kibangu akapanda akawa Makamu wa Rais, na wizara ikapewa Mheshimiwa Sululu, mtu mwenye tumbo linalomtangulia kuingia mahali na kikohozi cha kumtangaza akishaingia.

Yeye naye asingeweza kukarabati kwa jiwe la mwenzake. Bwana Tambo alitufafanulia vizuri sana, hata mimi nilielewa: kuling'oa jiwe la mkubwa ni uasi, na kulitumia jiwe la mkubwa ni kujikweza. Inabaki kutafuta kona nyingine. Wakachimba ya magharibi. Hotuba, kamba, kipazia, pilau, shimo likajaa, saruji ikapakwa.

Jiwe la kona ya tatu aliliweka mke wa Rais, aliyeletwa kwa heshima ya akina mama. Alitwambia tunyonyeshe, akaondoka. La nne aliliweka balozi wa nchi rafiki iliyoahidi kutuletea mabati. Balozi hakuzoea pilipili, masikini, na yale aliyoshindwa kuyameza, na mengine aliyokuwa ameshayameza, aliyaacha humo humo shimoni. Tukampigia makofi pia.

Sasa nyumba ya watu ilikuwa na majina manne makubwa kwenye kona nne, na chini ya kila jina chakula.

Jua likafanya kazi yake, na mvua ikalisaidia. Ilianza harufu. Mwanzoni tulidhani ni mbuzi kafa mahali. Kisha ikawa inatukuta jikoni, inaingia kwenye maji ya kunywa, inalala kwenye nywele. Ukifua nguo ukaianika, unaianua inanuka zaidi ya ulivyoivua. Chini ya kuta pakaanza kutoka maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, yana povu, na nzi wa kijani wakubwa kama punje za maharage wakawa wanayanywa kwa foleni. Kisha panya. Panya wa Chemchele tunawajua, ni wadogo, wana haya. Hawa walikuwa na shingo. Walichimba kuingia msingini na kutoka, kuingia na kutoka, mchana kweupe, wananenepa kwa mradi wa taifa, na kila walipotoka waliacha nafasi.

Nyumba ikainama.

Iliinama kwanza upande wa mashariki, ikaona hapafai, ikaelekea magharibi. Ufa ukapanda ukutani kuanzia chini mpaka dirishani, mpana wa kupitisha mkono. Popo pekee ndio walioondoka, na hao ndio tuliokuwa tumeomba waondoke, kwa hiyo katika taarifa ya utekelezaji iliandikwa kwamba lengo la popo limefikiwa kwa asilimia mia moja.

*

"Hakuna tatizo," alisema Mheshimiwa Sululu alipokuja kutazama, kitambaa kimeziba pua. "Katika nchi yetu kuna changamoto tu. Na hata changamoto sizioni. Nyumba hii haikupinda. Imeinama kwa heshima ya wazazi."

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Wima. Wajumbe wakakaa hotelini muda mrefu wakitafakari wima, na walipotoka walikuwa na majibu. Nyumba ya serikali imenyooka. Kilichopinda ni mtaa. Basi wenye nyumba jirani tukaamriwa tunyooshe nyumba zetu zilingane nayo, na jiko la Mzee Mtoro likabomolewa kwa kosa la kusimama kinyume na mwelekeo wa serikali.

"Lakini jiko langu lilikuwa wima," Mzee Mtoro alilalamika.

"Ndiyo kosa lenyewe," Bwana Tambo akamwambia kwa upole.

Kamati iliambatana na mhandisi, msichana anaitwa Tatu, ametoka chuoni karibuni na bado alikuwa hajafundishwa kazi. Siku Waziri alipokuja na Kamati kukagua, yeye akaweka kipima maji ukutani. Povu lililomo ndani yake likakimbilia pembeni likajificha. Bwana Tambo akalitazama kwa mashaka, akauliza hilo povu limetumwa na nani. Tatu alichukua sepetu akachimba chini ya kona ya mashariki, akapasua ile saruji kwa pigo moja, kama ganda la yai.

Kilichotoka humo sitawaeleza chote. Kilikuwa na rojo, kilikuwa na manyoya, na kilikuwa kinatembea. Harufu yake ilikuwa na uzito, ilikusukuma kifuani. Tatu alisimama imara kwa muda, akageuka, akatapika juu ya viatu vya Mkuu wa Itifaki.

"Mheshimiwa," akasema akijifuta mdomo, "hii nyumba imesimama juu ya wali."

"Wali wa nani?"

"Wenu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Sululu akafikiri. "Wa awamu ipi?"

"Sijui awamu. Najua mng'oe haya mawe ya majina, mchote uchafu wote, mrudishe yale mawe ya zamani na zege la kweli. Kazi si kubwa. Hata kabla ya masika akina mama wanarudi ndani."

Sisi nyuma ya kamba tukashangilia. Kidawa alikuwa mbele kabisa, tumbo lake sasa limesimama kama mtungi, akapiga kigelegele mpaka akashika kiuno.

Bwana Tambo akainua mkono. "Jiwe la Makamu wa Rais ling'olewe? Na la Mama Mke wa Rais? Na la balozi? Binti, unataka tupigane vita na nchi rafiki kwa sababu ya bati?"

Tatu alihamishiwa Idara ya Bandari. Nchi ile haina bahari, kwa hiyo hadi leo bado anaitafuta ofisi yake.

*

Kidawa alianza kwenda kwa mlinzi kila asubuhi. Tulimwambia aache, anajichosha, hakusikia. Anasimama mlangoni, mikono nyuma ya kiuno.

"Kaka, kumefunguliwa?"

"Bado, dada."

"Lini?"

"Wakishainyoosha."

"Mimi mwenzako nakaribia. Huyu hataniuliza kama mmenyoosha."

"Mwambie avumilie. Sisi wote tumevumilia."

"Yuko tumboni mwangu, hajawa raia wenu," Kidawa akasema, akaondoka zake.

Nesi Zamoyoni naye aliwahi kuwaandalia wazazi chumba nyumbani kwake, akapaka chokaa, akaweka kitanda. Wizara ikamtumia watu. Wakamwambia kuzalisha nje ya Nyumba ya Wazazi ni kosa, na Nyumba ya Wazazi iko katika ukarabati, kwa hiyo wananchi waombwe kuwa wastahimilivu. Kitanda wakakichukua kikawe ushahidi.

Mshamu aliuegemeza mkokoteni ukutani, akaupaka mafuta magurudumu. Kidawa alipoyaona yale mafuta alikaa kizingitini akalia. Mshamu alichukua kitambaa akayafuta mafuta yote, tairi moja baada ya lingine, kana kwamba yakikauka safari haitakuwepo.

Ndipo Waziri akatangaza Awamu ya Kunyoosha. Awamu mpya, jiwe jipya. Na kwa kuwa kona zimekwisha, jiwe la tano lingewekwa katikati kabisa ya nyumba, ndani, chumba cha kujifungulia, pale pale kilipokuwa kitanda. Sakafu ikavunjwa. Shimo likachimbwa. Mheshimiwa Sululu alipenda wazo hilo sana, maana jiwe lake la kwanza lilikuwa upande ambao jua haliligongi, na wapita njia hawasomi.

Siku ya sherehe lilifungwa hema kubwa kuliko yote tuliyowahi kuona, jeupe, la mapazia pande zote. Ndani walitandika zulia. Wakaweka meza kuu ndefu yenye vitambaa vilivyonyooshwa kwa pasi, viti vyenye mito, feni zinazopuliza mvuke wa maji baridi, jenereta, taa, birika za maji moto ya kunawa, sabuni ya maji, taulo moja moja zimekunjwa kama bahasha, na masanduku ya maji safi yamepangwa kufika kifuani. Nje ya hema gari la wagonjwa la msafara, dawa zote ndani, tayari kwa Mheshimiwa akipaliwa.

Uchungu ulimshika Kidawa asubuhi hiyo hiyo. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye mlango wa Nyumba ya Wazazi, mama zake wadogo wawili wanamshikilia, Nesi Zamoyoni mbele na mfuko wake wa kazi.

Mlinzi akanyoosha mikono. "Rudini kesho kutwa. Leo kuna sherehe ya wazazi."

"Kijana, huyu mtoto yuko mlangoni," Nesi akamwambia.

"Na Mheshimiwa yuko ndani."

Kweli alikuwa ndani, na msafara wote umeingia naye, maana kila mtu alitaka kuonekana kwenye picha karibu na shimo. Tulisikia kipaza sauti kinanguruma: "Nyumba hii! Ni imara! Kama serikali yake!" Hapo hapo udongo ukamwagika kutoka kwenye ufa, panya wawili wakatoka mlangoni bila haraka, kama wajumbe wanaotoka nje kupokea simu.

Kidawa alishika ukuta. Ukuta ukabaki na alama ya kiganja chake, mbichi, na kiganja kikabaki kinanuka. Akakitazama. Akakinusa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikunjamana namna ile. Haikuwa hofu tena, wala si kulia. Ilikuwa kinyaa, kinyaa cha mtu aliyekuta unywele mdomoni.

"Nesi," akasema, "hata wangenifungulia, mimi humu siingii. Humu simzalii mwanangu. Bora njiani."

"Njiani huendi."

Nesi Zamoyoni akageuka polepole, akatazama hema jeupe lililokaa tupu, feni zinajizungukia zenyewe, birika za maji moto zinatoa mvuke. Akatazama gari la wagonjwa. Akatazama tena hema, kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea akipita sokoni.

"Jamani," akasema. "Kumbe wodi ipo. Ilikuwa inatembea na Waziri."

Tulikata kamba zilizotuzuia. Hakuna aliyetoa amri. Kila mwanamke alikamata ya karibu yake akaikata kwa meno, kwa kisu, kwa alichonacho. Tukambeba Kidawa mpaka meza kuu. Kadi za majina ya waheshimiwa tukazifagia chini, mashada ya maua ya plastiki tukayatupa nje. Nesi akanawa kwa maji ya moto mpaka viwikoni, kwa sabuni ya maji, akacheka peke yake kwa utamu wa ile sabuni. Dereva wa gari la wagonjwa alitaka kupinga, akatuhesabu kwa macho, akaleta glavu mwenyewe.

Huko ndani ya nyumba hotuba ilikuwa imefika sehemu ya mafanikio. Huku hemani Nesi Zamoyoni akasema, "Sukuma."

Kidawa alisukuma. Feni ikampulizia usoni maji safi, baridi, na yalipomdondokea alifumba macho kwa woga, kisha akafumbua, akaona ni maji tu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alipotoka alinyamaza, na hema lote likanyamaza, hata jenereta nadhani. Mshamu, nje ya pazia, alikuwa amepiga magoti ameshika udongo kwa mikono miwili. Nesi akampangusa mtoto kwa taulo la Waziri, akamsugua mgongo, akamwinamisha, akamsugua tena.

Akalia. Akalia kwa hasira, kwa sauti ya nesi wake, mpaka kipaza sauti kule ndani kikakosa neno.

*

Wakubwa walitoka wakiwa na njaa. Hotuba huwapa njaa kuliko kulima. Mheshimiwa Sululu alilitangulia tumbo lake siku hiyo, au tumbo lilimtangulia yeye kwa mbali zaidi, sikumbuki, ila alipasua pazia la hema akaingia moja kwa moja kwenye bakuli kubwa la kutunzia chakula joto, lililokaa juu ya kiti chake cha mito. Sisi hakutuona. Akafunua kifuniko, akainama, akavuta harufu kwa pua zote mbili.

Lilikuwa kondo la nyuma.

Alitoa sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Akarudi kinyumenyume, akamkanyaga Bwana Tambo, akaziba mdomo kwa tai.

"Uchafu gani huu!" akafoka. "Hapa! Kwenye kiti changu! Huu uchafu gani?"

"Hilo ni kondo, Mheshimiwa," Nesi Zamoyoni akamjibu, bado anakunja taulo. "Hata wewe ulikuja nalo duniani. Uchafu uko kule chini ya jina lako."

"Tokeni wote! Hili ni hema la serikali!"

"Na huyu ni mtoto wa serikali," mama mdogo mmoja wa Kidawa akadakia. "Si mlisema mama asidondokewe? Hajadondokewa. Makofi, jamani!"

Tukampigia makofi. Tulipiga kwa adabu, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa, na hatukuacha. Alijaribu kusema, tukapiga. Alinyanyua mkono kutunyamazisha, tukaona amefurahi, tukazidi. Mtu hawezi kukamatwa kwa kumshangilia Waziri, hiyo sheria huko haijatungwa bado. Mwishowe aliingia garini na njaa yake, na masufuria ya pilau yakabaki kwetu. Tulikula. Mifupa tuliichoma.

Hatukutoka hemani. Usiku ule alijifungua mwingine, na wiki ile wengine. Meza kuu inatosha wawili kwa pamoja, kichwa kwa kichwa. Walituma askari kuja kulibomoa, lakini mke wa askari mmoja alikuwa amelala humo na pacha, basi wakakaza vigingi wakaondoka.

Nyumba ya Wazazi bado imesimama, imeegemezwa kwa mirunda, na bado iko katika ukarabati. Wanasema sasa wanasubiri mtaalamu wa wali.

Juzi Mheshimiwa Sululu alirudi. Kwa kuwa alishindwa kutuondoa, ameamua hema ni mafanikio yake, na mafanikio lazima yawekewe jiwe. Gari la nyuma lilikuwa limebeba marumaru na majembe. Bwana Tambo alizunguka hema mara kadhaa akitafuta msingi wa kuchimba, akainua pazia, akachungulia chini ya zulia, akabonyeza kigingi kwa kidole, akarudi jasho linamtoka.

"Mheshimiwa, halina," akanong'ona.

"Halina nini?"

"Msingi. Hakuna pa kuchimba."

"Basi nitahutubia tu," Mheshimiwa akasema, akaomba kipaza sauti, akataka kuingia.

Nesi Zamoyoni alimsimamisha mlangoni kwa kiganja kimoja kilichowekwa juu ya tumbo lile. "Wamelala," akamwambia.

"Nina dakika chache tu, mama."

"Basi nong'ona. Na hicho kidude kikae nje."

Ndivyo ilivyohutubiwa hotuba ya kwanza ya kunong'ona katika historia ya nchi ile. Waziri alisimama katikati ya vitanda tulivyoleta kutoka majumbani, mikono imebanwa ubavuni asigonge kitu, ananong'ona, na sisi tunamtazama. Yale maneno makubwa yalimtoka madogo. Mchakato, ukinong'onwa, hausikiki kuwa kitu. Wadau ndio kabisa. Aliruka kurasa. Alipofika kwenye "serikali yenu sikivu" alijisahau, mazoea, akapandisha sauti.

Mtoto wa Kidawa akashtuka akalia. Akaamsha wa jirani, naye akaamsha pacha wa askari.

Kidawa alimchukua mwanawe, akamweka titini, akamtazama Waziri kama unavyomtazama mgeni aliyekanyaga chakula mkekani.

"Umeona sasa?" akasema.

Mheshimiwa akafumba mdomo. Akakunja karatasi yake polepole, isitoe mlio, akatoka kwa ncha za vidole.